Kwa nini nesi anauliza kama mgonjwa amekojoa: njia ya kipindupindu mwilini na kazi ya wanaouguza

Mvua zinapoanza Ufipa, kuanzia Novemba, mkulima hufikiria mbegu na mbolea. Wahudumu wa afya hufikiria jambo jingine pia: magonjwa ya kuhara. Maji ya mvua husomba vinyesi kutoka vichakani na kwenye vyoo vifupi, yakaviingiza kwenye vijito, visima vya wazi na mwambao wa ziwa. Katika majira haya ndipo kipindupindu hupata njia.

Wilaya ya Kalambo, ambayo makao yake makuu ni Matai, imekaa mahali panapohitaji uangalifu. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika na bandari ya Kasanga. Kusini kuna Zambia, ambako Walungu na Wamambwe wa upande huu wana ndugu zao. Mahindi yanashuka ziwani, samaki wanapanda Matai na Sumbawanga, na wavuvi wanalala leo mwalo huu na kesho mwalo mwingine. Mlipuko ulioanza Zambia Oktoba 2023 uliua watu zaidi ya 700, na uwanja mkubwa wa mpira wa Heroes jijini Lusaka ukageuzwa kituo cha matibabu. Kabla ya hapo Malawi ilikuwa imepoteza watu zaidi ya 1,700 katika mlipuko ulioanza Machi 2022. Mkoani kwetu Rukwa, vijiji vya bonde la Ziwa Rukwa vilisumbuliwa na kipindupindu mwaka 2018.

Habari za mlipuko kwa kawaida hutaja idadi ya wagonjwa, marehemu, na marufuku ya kuuza vyakula barabarani. Leo tunaeleza kitu ambacho hakipati nafasi kwenye habari hizo: ugonjwa huu unafanya nini ndani ya mwili, na kwa nini nesi anafanya anayoyafanya. Tunaona jambo hili ni muhimu kwa sababu katika zahanati zetu ndugu wa mgonjwa ndiye anayekaa kitandani usiku kucha. Kiswahili chenyewe kinalijua hilo. Nesi ni muuguzi, na mama anayemlalia mwanawe wodini tunasema anamuuguza.

Takwimu mbili za Tanzania

Kipindupindu kiliripotiwa Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 1974. Mwaka 1997 ulikuwa mbaya kuliko mingine: wagonjwa 40,249, waliokufa 2,268. Maana yake, katika kila wagonjwa 100, karibu 6 walikufa.

Mlipuko mwingine mkubwa ulianza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoa yote ya Tanzania Bara. Hadi Januari 7, 2018, wagonjwa walikuwa 33,421 na waliokufa 542. Hapo katika kila 100 walikufa chini ya 2.

Kidudu ni kilekile, na tiba kuu ni ileile iliyojulikana tangu miaka ya 1970: maji, chumvi na sukari. Tofauti kubwa inayoweza kuokoa maisha ni muda: mgonjwa alianza kunyweshwa saa ngapi, alifika kituoni saa ngapi, na alipofika nani alimhesabia maji yanayotoka na yanayoingia. Shirika la Afya Duniani linasema penye huduma nzuri asife hata mmoja katika kila wagonjwa 100. Bila matibabu, kipindupindu kikali kinaweza kuua hadi nusu ya wanaokipata.

Kinachotokea tumboni

Kidudu cha kipindupindu huingia kwa mdomo, kupitia maji au chakula kilichochanganyika na kinyesi cha mtu mwenye maambukizi. Asidi ya tumboni huua vingi. Vinavyopona hufika kwenye utumbo mwembamba, vikajishika ukutani na kutoa sumu. Kuanzia saa chache hadi siku 5 baada ya kuambukizwa, mtu anaanza kuhara.

Sumu hiyo haitoboi utumbo wala haiukati. Inachofanya ni kama mtu aliyefungua bomba na kuling'oa koki: chembe za ukuta wa utumbo zinamwaga chumvi ndani ya utumbo, na maji ya mwili yanaifuata chumvi hiyo. Ndiyo maana mgonjwa huharisha maji yanayofanana na maji yaliyooshea mchele, mara nyingi bila damu, bila homa na bila maumivu makali ya tumbo. Watu wengine hudanganyika hapo. Wanasema, "Hana homa, ataamka salama." Lakini mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Aliyeanza kuhara saa nne usiku anaweza kuwa hawezi kusimama kabla ya jogoo kuwika.

Anayeua hapa ni ukavu. Damu inapungukiwa maji, inakuwa nzito, moyo unakimbia kuisukuma na mwishowe unashindwa. Figo, ambazo kazi yake ni kuchuja damu, zinakosa cha kuchuja na kusimama. Pamoja na maji zinatoka chumvi za mwili ambazo misuli inazihitaji, na miguu inakaza kwa maumivu. Mtoto anaweza pia kuishiwa sukari ya damu, akapoteza fahamu au kupata degedege.

Kwa nini sukari na chumvi, na si maji matupu

Ukuta wa utumbo una milango mingi ya kuingizia chumvi mwilini. Sumu ya kipindupindu huvuruga baadhi ya milango hiyo, lakini kuna mmoja hauugusi: ule unaopitisha sukari na chumvi zikiwa pamoja. Sukari inaivuta chumvi, na chumvi inayavuta maji. Dawa ya kurudisha maji mwilini, ile ya pakiti tunayoiita ORS, imetengenezwa kupita kwenye mlango huo.

Kutokana na hilo tunapata mambo matatu ya nyumbani. Maji matupu peke yake hayatoshi, kwa sababu hayarudishi chumvi iliyotoka. Soda na juisi zenye sukari nyingi hazifai, kwani sukari ikizidi huvuta maji zaidi kwenda utumboni na kuhara kunaongezeka. Na pakiti ya ORS lazima ichanganywe kwa kipimo chake. Zipo za lita moja na zipo za nusu lita, kwa hiyo soma maandishi kabla ya kumimina. Kuikoroga nzito ili "iwe na nguvu" kunamdhuru mgonjwa.

Pasipokuwa na pakiti, tumia lita moja ya maji safi, vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa bila mlima. Mchanganyiko huu ni wa kumshikilia mgonjwa njiani, wala hauchukui nafasi ya kituo. Uliobaki baada ya saa 24 umwagwe.

Mgonjwa akitapika, watu wengi huacha kumnywesha. Wauguzi wanaelekeza kusubiri dakika 10, kisha kuanza tena polepole, kijiko kimoja kimoja. Hata akitapika tena, sehemu ya alichokunywa inakuwa imeshapita.

Nesi anatazama nini

Ukiijua njia ya ugonjwa, maswali ya nesi yanaeleweka.

Anauliza, "Amekojoa lini mara ya mwisho?" Anataka kujua kama figo bado zinapata damu. Mkojo ukirudi, ni moja ya dalili nzuri kabisa kwamba maji yamefika yanakotakiwa. Ndugu anayejibu "sijui" anamnyima nesi kipimo ambacho mashine haihitajiki kukipata.

Anafinya ngozi ya tumbo na kuiachia. Ikirudi polepole, mwili umekauka. Anatazama kama macho yamezama, kama mgonjwa anadaka kikombe kwa kiu, au hana hata nguvu ya kunywa. Huyu wa mwisho ndiye aliye hatarini zaidi. Mgonjwa aliyenyamaza si lazima awe amepata nafuu.

Anashika mkono kutafuta mapigo. Mapigo yakiwa dhaifu na mikono ya baridi, hakuna muda wa kunywesha peke yake. Inawekwa dripu, na inapelekwa kwa kasi. Kwa mtu mzima wa kilo 60 aliyekauka sana, kipimo ni lita 6 ndani ya saa 3: karibu lita 2 katika nusu saa ya kwanza, zinazobaki katika saa mbili na nusu zinazofuata. Hizo ni chupa 12 za nusu lita. Ndugu anayeona chupa ya nne inatundikwa na kusema "mnamjaza maji mgonjwa wetu" hajui kwamba kiasi kama hicho kimeshatoka. Vilevile, anayebana au kufungua kidude cha kuongozea matone, kwa nia njema, anaharibu hesabu. Kazi yako ni kumwita nesi ukiona chupa inakaribia kuisha, mkono umevimba penye sindano, kope zimevimba, au mgonjwa anahema kwa shida.

Pembeni ya kitanda kuna ndoo, na kitanda chenyewe kinaweza kuwa na tundu katikati. Wengi huona aibu, na wengine huiona kama dharau kwa mgonjwa. Ndoo ile ni kipimo. Nesi anasoma ni kiasi gani kimetoka ili ajue kiasi gani kirudishwe. Ukiimwaga kimya kimya kwa kumstahi mzee wako, umefuta hesabu, na pengine umepeleka vidudu mahali vitakapomfikia mtu mwingine.

Dripu haiondoi kikombe. Mgonjwa akiweza kumeza tu, anaanza kunyweshwa ORS hata sindano ikiwa bado mkononi. Kuna vidonge vya kuua vidudu ambavyo mtoa huduma anaweza kumpa mgonjwa aliyeshikwa vibaya. Vinafupisha ugonjwa, ila haviwezi kumwokoa aliyekosa maji. Dawa za kufunga kuhara hazitakiwi.

Mtoto wa Rukwa na mizani

Hapa kuna jambo linalotugusa sisi hasa. Mkoa wetu ni ghala la mahindi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 49.8 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 mkoani Rukwa wana udumavu. Ni karibu nusu.

Udumavu unabadilisha hesabu ya uuguzi. Maji ya mgonjwa hupimwa kwa uzito. Mtoto wa miaka 4 aliyekua vizuri ana karibu kilo 16. Aliyedumaa anaweza kuwa na kilo 12. Akikauka sana, wa kwanza anahitaji mililita 1,600 za dripu na wa pili 1,200. Anayekadiria kwa umri atampa huyu wa pili maji yaliyozidi kwa mililita 400. Kwa hiyo nesi akitaka kumweka mtoto kwenye mizani kabla ya kuamua kiasi, hapotezi muda. Kadi ya kliniki yenye uzito wa hivi karibuni ni msaada mkubwa, hasa kama mtoto hawezi kupimwa. Usiiache nyumbani.

Mtoto aliyekonda sana au aliyevimba miguu kwa utapiamlo anahitaji uangalifu wa namna yake. Ngozi yake hurudi polepole na macho yake huwa yamezama hata akiwa hajaharisha, hivyo dalili hizo zinaweza kudanganya. Moyo wake nao hauhimili maji mengi kwa mara moja. Huyu asubiriwe na mtaalamu, na ndugu wasishangae akinyweshwa kwa kasi tofauti na mtoto wa kitanda cha pili.

Kwa watoto wote, maziwa ya mama yanaendelea. Chakula kinarudi mara mtoto anapoweza kula. Kila anapoharisha, aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 za ORS, na wa miaka 2 hadi 9 apewe 100 hadi 200. Vidonge vya zinki vimalizwe kwa siku zote zilizoelekezwa, hata kuhara kukiwa kumekoma.

Ndugu waliowahi kuokoa wodi nzima

Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, wakimbizi walimiminika India na kipindupindu kikaingia kambini. Katika mji wa Bangaon dripu zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis na wenzake walichanganya chumvi, sukari na magadi kwenye madumu, wakawapa ndugu za wagonjwa vikombe na kuwaelekeza wanyweshe. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Wale ndugu hawakuwa wauguzi wa vyeti. Walielezwa kitu kimoja, wakakifanya bila kuchoka. Kwa wilaya yenye vijiji vya mwambaoni ambako safari ya kwenda kituoni ni ya mtumbwi au ya bodaboda kwenye tope, hilo ndilo fundisho kubwa. Matibabu yaanze nyumbani, yaendelee njiani. Mgonjwa anayetoka ziwani kwenda kituo cha afya bila kunyweshwa anaweza kupoteza lita kadhaa kabla hajafika. Mtu mmoja apakie chupa ya ORS na kikombe, na kazi yake njia nzima iwe hiyo.

Anayeuguza asiogope kumkaribia mgonjwa. Kipindupindu hakiambukizi kwa pumzi wala kwa kukaa pamoja. Njia ni kinyesi au matapishi kufika mdomoni. Nawa kwa sabuni kila unapomhudumia na kabla ya kula au kupika. Nguo na vyombo vyake visioshwe kwenye kijito wala ziwani. Maji ya klorini anayomwagiwa mtu miguuni akitoka wodini yanazuia vidudu visiende naye nyumbani, na hayana maana ya kumtenga. Mtu akifariki, wahudumu wa afya waitwe waongoze kuosha na kuzika, na waombolezaji wanawe kabla ya kula.

Tukumbuke pia kwamba wengi walioambukizwa hawaumwi au wanaharisha kidogo tu, huku wakitoa vidudu kwa siku 1 hadi 10. Choo kinamhusu hata mwenye afya.

Uvumi nao unaua

Aprili 7, 2024, watu zaidi ya 90 walikufa maji pwani ya Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, baada ya chombo cha uvuvi walichopakia kuzama. Maofisa walisema wengi walikuwa wakikimbia kwa hofu iliyotokana na habari za uongo kuhusu kipindupindu. Katika milipuko ya aina hii, uvumi kwamba wahudumu ndio wanaoleta ugonjwa kwa klorini umesikika mara nyingi. Mtu asiyeambiwa sababu ya ndoo, klorini na kutengwa kwa wodi atajitungia sababu yake.

Kwa hiyo wahudumu nao wana wajibu. Dakika mbili za kumweleza ndugu kwa nini anaulizwa mkojo zinampa nesi msaidizi wa usiku mzima. Nesi mmoja mwenye vitanda kumi hawezi kukaa kwenye vyote.

Maswali ya mkutano wa kijiji

Chanjo ipo, lakini dunia imekuwa na uhaba. Tangu Oktoba 2022, katika kupambana na milipuko, watu wamekuwa wakipewa dozi moja badala ya mbili ili itoshe wengi. Hatuwezi kuisubiri.

Januari 31, 2024, serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwafikisha 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano. Kijiji kiulize: wa kwetu ni nani, na ana pakiti ngapi za ORS nyumbani kwake leo? Zahanati ina dripu za kutosha wagonjwa wangapi? Kumbuka hesabu ya chupa 12 kwa mtu mzima mmoja. Usiku, nani ana pikipiki au mtumbwi, na mafuta yanatoka wapi? Kisima kipi kiko chini ya choo cha nani?

Maswali haya yanafaa kuulizwa kabla ya mvua kubwa, mbele ya mwenyekiti na mtendaji, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari.

Ukiona mtu anaharisha maji mfululizo, anza kumnywesha ORS hapohapo na umpeleke kituoni bila kusubiri asubuhi. Kutoa taarifa au kuuliza, piga 199, namba ya Wizara ya Afya isiyolipiwa. Na nesi akikuuliza kama mgonjwa amekojoa, uwe na jibu.